Mwaka Tulioshona Ndoto za Zuwena

Kwenye khitma ya Zuwena, kule Mwembetanga, nilikaa mkekani pamoja na wanawake wa mtaani kwake, mgongo nimeuegemeza ukutani kwa sababu magoti yangu siku hizi hayataki kukunjwa muda mrefu. Dua zilikuwa zimeshasomwa, sinia za wali zinapita, na mazungumzo yalikuwa yameanza kurudi kwenye hali yake ya kila siku: bei ya nazi, maji yaliyokatika, mtoto wa fulani aliyefaulu. Mwanamke mmoja mwenye miwani, ambaye sikumjua, alikuwa akimweleza jirani yake habari za marehemu. "Alipewa kipaji na Mungu yule," alisema. "Nguo akiziota. Akilala anaota, akiamka anakata kitambaa." Jirani yake akasema mashallah, kisha akaomba asogezewe pilipili. Mimi nikaendelea kula. Sikuona sababu ya kumsahihisha mtu kwenye msiba, na isitoshe wali ulikuwa umepikwa vizuri. Lakini njiani nikirudi nyumbani nilijikuta nasema peke yangu, kwa sauti, mpaka muuza machungwa akageuka kunitazama: Zuwena hakuwa akiota. Najua, kwa sababu ndoto zake zote za mwaka ule wa kwanza nilizichora mimi.

Nimeishi kwa kuchora miaka mingi sasa. Picha zangu ni za nguo zisizo na watu ndani yake: kanzu zilizosimama zenyewe, magauni yanayopanda ngazi, mitandio iliyokaa barazani kama inasubiri kuitwa. Watu huniuliza zinatoka wapi, na wengi, wenyeji kwa wageni, hupendelea kusikia kwamba zinatoka usingizini. Huwajibu kwa ufupi, nikaenda zangu. Jibu lenyewe ni refu, na lina chumba kimoja, wanawake wachache na mwaka mmoja niliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Chumba kilikuwa cha Bi Raya, fundi wa nguo za harusi, ghorofa ya pili, mtaa wa Kiponda, juu ya duka la masufuria. Ukipanda ngazi ulisikia sufuria zikigongana chini, na ukifika juu sauti ile ilimezwa na cherehani tatu za miguu. Dirisha moja lilitazama uchochoro. La pili lilitazama ukuta wa jirani, karibu sana, hata Bi Raya alikuwa akisema kwamba ule ukuta ni wake kwa kuutazama. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia, na juu ya meza bunda la karatasi za kaki ambazo tulikatia vipimo. Mwaka ule vitambaa vilikuwa vimeanza kuingia tena madukani kutoka Dubai, satini na lesi na hariri za uongo, na familia za mjini zilikuwa na hamu ya harusi kama watu waliofunga muda mrefu. Kila bibi harusi alikuja na picha iliyokatwa kwenye gazeti la mitindo la Ulaya, na kwa kuwa magazeti yenyewe yalikuwa machache na yakipita mkono hadi mkono, picha nazo zilikuwa zile zile: mabega yaliyofura, kiuno kilichobanwa, mkia mrefu. Bi Raya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo ambayo hukuweza kuikatiza, aliziweka mezani na kuzinyoosha kwa kiganja. "Tunashona harusi moja tu," alisema. "Wanabadilika maharusi."

Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Zuwena. Mimi nilitoka Jambiani kuja kujifunza ushonaji, na nilipangiwa kulala Kikwajuni kwa bibi yake Zuwena, chumba kimoja na Zuwena mwenyewe, vitanda viwili na dirisha lenye wavu uliotoboka. Zuwena alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo haikuonekana kuwa ya mshoni, na alikuwa na tabia ya kutazama nguo ya mtu kabla ya kumtazama uso. Jioni bibi yake alitupikia muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akatutazama tukila. Siku moja nililalamika kwamba nimeota natafuta viatu usiku kucha, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto yangu siku zote, kutafuta viatu. Bibi akacheka. "Afadhali wewe unaota," akasema. "Huyu mwenzio tangu mdogo akilala kalala. Ukimuuliza kaota nini, hana la kusema." Zuwena akachomoa mwiba wa samaki mdomoni, akaendelea kula. Sikulitia maanani neno lile. Nilikuwa nikisikiliza mazungumzo ya watu wazima kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Wiki chache baada ya mimi kufika, Zuwena alithubutu kusema wazo lake mbele ya Bi Raya. Palikuwa na bibi harusi mfupi, na Zuwena akasema kwamba mabega yale ya gazetini yatammeza. Kwa nini tusiyaache mabega yake kama yalivyo, tukashusha urembo wote mikononi? Bi Raya hakukasirika. Alimjibu bila ya kuinua macho kwenye mkasi: "Mwanangu, wewe kazi yako vifungo." Basi Zuwena akashona vifungo. Alishona vizuri, vyote, na bibi harusi yule mfupi akatoka siku yake akiwa amemezwa na mabega.

Haikupita muda, asubuhi moja tukiwa kwenye chai, Zuwena akasema, "Bi Raya, jana nimeota nguo." Ilikuwa chai ya mchaichai na mandazi ya jana yaliyopashwa moto, na Bi Raya alikuwa akichovya lake kwenye kikombe. Mkono wake ukasimama.

"Nguo gani?"

"Ya harusi. Nyeupe, lakini si nyeupe ya dukani. Kama maziwa yaliyotiwa iliki. Mabega hayana kitu, halafu mikono inaanza kupanuka hapa," akajigusa chini ya kiwiko, "inapanuka mpaka mtu akinyoosha mkono, huoni mkono tena."

"Na nani kaivaa?"

"Sikumwona uso."

Bi Raya akafikiri. Ndoto kwake ilikuwa jambo la kuheshimiwa. Alikuwa na mama aliyeota kifo cha mumewe, na dada aliyeota nyumba kabla ya kuijenga. "Isha," akaniita.

"Naam."

"Wewe unachorachora kwenye karatasi zangu, unafikiri sioni. Hebu chora hiyo nguo."

Nilivuta karatasi ya kaki na kalamu ya risasi. Zuwena alisimama nyuma yangu akisema, mimi nikichora, na nilipofika mikononi nilihisi kitu ambacho sijakipatia jina mpaka leo. Kalamu ilikuwa inakwenda bila ya hofu. Jambiani na shuleni nilikuwa nimechora vitu vilivyokuwapo, boti, nyumba, mwanamke anayefunga kamba za mwani, na kila mara mtu alitokea nyuma yangu akaniambia wapi nimekosea. Nguo hii haikuwapo popote. Hapakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea ila Zuwena, na Zuwena alisema, "Ndiyo. Ndiyo hivyo hivyo." Bi Raya akaitazama karatasi muda mrefu, akaibandika ukutani kwa pini, na ilipofika adhuhuri akaja mteja wa mtaa wa Malindi na picha yake ya gazeti, akaona ile ya ukutani, akauliza ni ya nani. "Imeotwa humu ndani," Bi Raya akamwambia. Mteja akaikunja picha yake akairudisha mkobani.

Ndivyo mwaka ule ulivyoanza hasa. Ukuta ukajaa. Wanawake walianza kupanda ngazi kuja kutazama tu, wakikaa kwenye kigoda karibu na dirisha na kusimulia ndoto zao wenyewe, huku Bi Raya akiwafasiria na sindano mdomoni. Nilisikia mengi kwenye kigoda kile. Mmoja aliota ndoa yake imefuliwa na kuanikwa. Mwingine aliota mumewe kavaa gauni lake, na gauni likamfaa. Zuwena aliota mara moja kwa wiki, hivi, na kila ndoto ilikuja na mteja wake nyuma. Leo nashangaa kwamba sikujiuliza kwa nini ndoto zake zilitoshea sikuzote kwenye kitambaa tulichokuwa nacho. Tulipokuwa na mita chache za hariri, aliota nguo fupi. Lesi ilipokwisha madukani, aliota nguo zisizo na lesi.

Tulikuwa tukienda kazini kwa miguu, kutoka Kikwajuni, tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia Mkunazini. Zuwena alikuwa na sharti moja: njiani nisimsemeshe. "Ntasahau ndoto," alisema. Basi nilitembea nyuma yake kimya, nikimwona akisimama mbele ya vitu visivyo na maana: turubai la muuza samaki lililokunjwa na upepo, mwanamke aliyeinua buibui lake kuruka dimbwi, magamba ya changu yaliyomwagika kwenye mawe. Alisimama, akatazama, akaendelea. Baada ya siku mbili tatu mkunjo ule wa turubai ulikuwa ukutani kwa Bi Raya, umekuwa sketi. Niliona kila kitu, na sikuelewa. Niliamini kwamba usingizi wake unakula anachokiona mchana. Niliuonea wivu usingizi ule, mimi wa kutafuta viatu.

Karibu na mwezi wa Rajabu alikuja Bi Thuwaiba pamoja na binti yake Samira. Ilikuwa harusi kubwa, na Bi Thuwaiba hakutaka ndoto iliyokwishavaliwa na mtu. Alitaka ya mwanawe peke yake. Bi Raya akamwambia asubiri, ndoto haiagizwi kama kitambaa. Lakini ikaja upesi. Zuwena aliisimulia asubuhi moja amesimama, hakugusa chai yake, na nilimwona kwamba hii aliipenda kuliko zote. Gauni lilikuwa bluu iliyoiva, karibu na nyeusi, limeanguka moja kwa moja kutoka mabegani bila ya kubana popote. Chini, kwenye pindo, palikuwa na tarizi ya nyuzi za fedha, nzito sakafuni, ikipanda na kupungua, ikaisha kabla ya kufika gotini, kama chumvi inayobaki mguuni mtu akitoka baharini na kukauka juani. Niliichora mara tatu. Ya tatu ndiyo nzuri; ninayo mpaka leo, na bado sijachora pindo lililoishinda.

Samira alipoiona aliisogelea. Mama yake akasogea nyuma. "Mwanangu mimi nimvishe kaniki?" akauliza. Kwake ile ilikuwa rangi ya vitambaa vya shamba na vya msiba. Bi Raya akamwambia kwamba ndoto ina njia zake. Bi Thuwaiba akaondoka akiwa na wasiwasi, na aliporudi alikuwa ameshazungumza na shehe wa mtaani kwao.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Sote tulikuwamo: Bi Raya mezani, mimi kwenye pasi, Zuwena kwenye cherehani ya dirishani, Samira kasimama karibu na mlango. Bi Thuwaiba hakukaa. "Shehe kanambia nguo ya giza si lazima iwe shari," alisema. "Inategemea aliyeota. Akiwa mkweli, ni kheri. Basi nataka msichana huyu aniapie kwa Mungu kwamba kaiota, na sisi tutashona."

Cherehani ya Zuwena ikanyamaza. Sote tulisoma chuo cha Kurani, sote tulijua kwamba kuzua ndoto ni dhambi kubwa kuliko uongo wa kawaida. Nilidhani ataapa mara moja. Nilishangaa anasubiri nini.

"Siwezi kuapa," Zuwena akasema. "Sikuota."

"Umechoka, mwanangu," Bi Raya akasema haraka. Alikuwa anampa njia ya kutokea. "Umesahau tu. Ndoto husahaulika."

"Sikusahau, Bi Raya. Sikuota. Wala ile ya Malindi sikuota. Sijapata kuota nguo maisha yangu. Nazifikiri njiani, nikija."

Hapo sufuria zilisikika chini, zikigongana, kana kwamba duka limesogea ndani ya chumba. Bi Thuwaiba akasema astaghfirullahi. Bi Raya akaweka mkasi chini, polepole, na kuuliza kitu ambacho sikukitegemea. Hakuuliza kwa nini umesema uongo. Aliuliza, "Kwa nini hukunambia ni zako?"

"Nlikwambia," Zuwena akajibu. Sauti yake haikuwa na ukali. "Ukanambia kazi yangu vifungo."

Hapo akasema yule ambaye tulikuwa tumemsahau. "Basi kumbe ni nguo tu," alisema Samira. Akamgeukia mama yake. "Mama, kama haikuotwa, haina nuksi wala haina kheri. Ni nguo. Mie naitaka."

Bi Thuwaiba alimshika mkono akamtoa. Bi Raya akafunga dirisha, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja, akamwambia Zuwena akusanye vitu vyake. Hakumtukana. Alisema kwamba wanawake wa mji mzima wamevaa ndoto kutoka chumba hiki, na kesho watakuja kuuliza walivaa nini, na yeye hana la kuwajibu Zuwena akiwa amekaa pale. Zuwena alichukua mkasi wake, futi yake ya kupimia na kanga aliyokuwa akiitandika kwenye kiti. Mlangoni alinitazama mimi, si Bi Raya. Nadhani alitaka kujua kama nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria karatasi zilizokuwa ukutani. Mwaka mzima nilikuwa nimechora bila ya hofu kwa kuamini kwamba nachora kitu kisicho cha mtu, kilichoshuka tu. Kumbe kila mstari ulikuwa umeamuliwa na msichana aliyekuwa macho, ambaye angeweza kukosea. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa, akiwa katikati ya mto, kwamba daraja analolipita halina nguzo.

Jioni ile Kikwajuni hatukuzungumza. Bibi alituwekea chakula, akatutazama, akakiondoa. Kesho yake nilikwenda kazini peke yangu, na niliporudi nilimkuta Samira ameketi kwenye kitanda changu, viatu amevivua vizuri kando ya mlango. Alikuwa ameleta kitambaa. Sikuwahi kujua alimshinda vipi mama yake. Alisema tu kwamba wamekubaliana, na kwamba mama hatoingia chumba hiki wala hataki kuiona nguo mpaka siku yenyewe. Zuwena alikigusa kile kitambaa kwa mgongo wa mkono. "Ntaiharibu," akasema. "Bi Raya ndiye anayekata. Mimi sijapata kukata nguo nzima."

"Basi kata," Samira akasema.

Tuliazima cherehani ya mkono kwa jirani. Asubuhi na mchana nilikuwa kwa Bi Raya, jioni nikarudi kutarizi pindo kwenye mwanga wa dirisha lenye wavu uliotoboka, mimi upande mmoja wa kitanda na Zuwena upande wa pili, gauni katikati yetu. Hapo ndipo tulipozungumza. Nilimuuliza kama haogopi dhambi ile. Alisema anaiogopa, na kwamba ameshatubu, na kwamba kila alipotaka kuacha alikumbuka kwamba akiacha kuota hatosikilizwa tena. "Mtu akiota, hamumuulizi nani kakuruhusu," alisema. Nyuzi za fedha zilituishia kabla ya kumaliza. Madukani hazikuwapo. Nilikuwa nikikunja vitambaa kwa Bi Raya siku iliyofuata, nikiwa nimeshaamua kwamba pindo litabaki nusu, aliponiita.

"Naam."

Alifungua droo, akatoa donge zima la nyuzi za fedha, akaliweka mezani bila ya kunitazama. "Peleka unakojua," akasema. "Na mwambie nyuma asibane. Nguo nzito huvuta nyuma."

Harusini, kwenye sherehe ya wanawake ya mchana, tulisimama mimi na Zuwena karibu na mlango wa jikoni, kati ya masinia. Samira aliingia, na kigelegele hakikupigwa. Watu walikuwa hawajajua wafikiri nini. Alitembea taratibu. Kila alipopiga hatua, fedha ya chini ilionekana na kupotea. Mkono wa Zuwena ulikuwa umekamata mkono wangu na kucha zake ziliniumiza. Akainuka kikongwe mmoja wa upande wa bwana harusi, akaenda mpaka mbele, akainama akalishika pindo, akalipima uzito wake kiganjani. "Kaniki imepata bahati leo," akasema kwa sauti ya kusikika. Mtu akacheka, mwingine akapiga kigelegele, na ukumbi ukafuata. Nilimtafuta Bi Thuwaiba kwa macho. Alikuwa analia, lakini mama wa bibi harusi hulia kwa hali yoyote, na sikuweza kujua ni kwa lipi.

Kabla mwaka haujakwisha Zuwena alipata chumba cha mbele cha nyumba moja Mwembetanga, na akanitaka nimchoree kibao. Nilimuuliza niandike nini. Akasema niandike jina lake na "nguo za harusi", basi, na nichore gauni la bluu. Nilikwenda kukitundika mwenyewe, na nikavuka barabara kutazama kama kimekaa sawa. Mwanamke mmoja aliyebeba kikapu cha ndizi alisimama chini yake. Habari za ndoto zilikuwa zimeshafika Ng'ambo, upande huu wa mji, na ukweli wake, kama ilivyo kawaida, haukuwa umefika. "Hii nani kaiota?" aliuliza kuelekea mlangoni.

Sauti ya Zuwena ikatoka ndani. "Hapana aliyeiota, bibi. Nimeifikiri. Karibu."

Mwanamke alisita kidogo, kisha akatua kikapu chake kizingitini na kuingia.

Nilirudi Kikwajuni kwa miguu. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja kitupu, na bibi alikuwa barazani akichagua mchele. Nikakaa chini, nikatandika karatasi ya kaki sakafuni na kuikalia pembe yake moja ili isijikunje. Nilingoja kwa muda, kwa mazoea, mtu anisimulie. Sauti za watoto zilipita nje, adhana ya magharibi ilikuwa bado. Nilijua kwamba safari hii nikikosea nimekosea mimi. Nikaishika kalamu ya risasi, nikaanza na kola.